Ufunguo Uliokatikia Dirishani kwa Mama Mkubwa

Nimeazimia kuliandika jambo hili kabla sijalitengeneza. Najijua. Kitu nikikiweka moyoni siku nyingi hukipiga pasi, kikatoka laini, na mimi ndani yake nikatoka mwema. Kwa hivyo naandika sasa, kwenye kurasa zilizobaki za daftari la jiografia la mwaka jana, na atakayelifungua kwa mbele atakutana na Bonde la Ufa nililolichora vibaya.

Mama mkubwa, dada yake mama, alifiwa na mumewe mwaka huu. Wanawe wawili wako Uarabuni kwa kazi, walikuja kuzika wakarudi. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na haikai vizuri mtu akiikaa peke yake, kwa hivyo nikaambiwa nifunge mfuko wangu nitoke kwetu Bondeni nikakae naye Mji wa Kale mpaka amalize. Si mbali. Ukibeba uji kwa miguu wafika nao ungali moto. Lakini kwangu ilikuwa safari, kwa sababu nilipelekwa niwe miguu yake na sauti yake.

Miguu, sawa. Sauti walikosea mtu. Darasani mwalimu akinitaja husimama, midomo ikacheza, na darasa zima likanyamaza kama watu wanaosikiliza redio iliyokwisha betri. Wenzangu waliniita Bubu tangu kidato cha kwanza, na ubaya ni kwamba niliitika.

Kwamba mwenye eda hatoki, hajipambi, hajitii manukato, na haonwi na mwanamume asiye maharimu wake, yaani yule anayeweza kumwoa, nilikuwa nikiyajua. Nisilolijua ni kwamba mama mkubwa, kwa alivyolelewa yeye, hakutaka hata sauti yake isikike uchochoroni. Kila alasiri hupita muuza mofa na tenga lake. Mama mkubwa hupenda mofa moja ya moto kwa mchuzi wa usiku uliopita. Basi ilikuwa kazi yangu kusimama dirishani, kumwita, kumshushia kikapu kwa kamba, pesa ndani, na kukivuta mkate ndani. Wanawake wa mtaa ule wamefanya hivyo maisha yao yote, hata hawaangalii mikono. Mimi siku ya kwanza nilimwita mara tatu na hakuna aliyeinua kichwa ila paka.

Sasa dirisha lenyewe. Chumba cha mbele, anachokalia eda, kina dirisha hilo moja tu, na ndilo pua ya nyumba nzima. Chumba cha nyuma chatazamana na ukuta wa jirani, na ukuta ule hautoi chochote ila unyevu. Dirisha la mbele ni la mbao mbili nzito, halina vyuma. Zamani mwizi alishukia hapo kutoka paani, ndipo marehemu akalitia kitasa kwa mkono wake mwenyewe. Hakuwa fundi, alikuwa mtu wa bandari ya Kilindini, wa kuhesabu magunia, na kitasa alikitoa kwenye kabati kuukuu. Kwa hivyo kina tabia zake. Uvute ubao wa kulia, uusukume wa kushoto kwa goti, ulimi ukiona tundu lake ndipo uzungushe. Mama mkubwa alinifundisha siku niliyofika. "Taratibu," akasema, "kama wamfunga mtoto kifungo cha shingoni." Yeye hulifunga kila magharibi. Kulifunga hamwachii mtu, na huwa anaweka kiganja juu ya mbao kidogo baada ya kufunga, nadhani kwa ajili ya marehemu, ingawa sikuuliza.

Miezi miwili ya mwanzo ilipita. Kisha wasichana watatu wa darasani kwangu, wale wa kiti cha nyuma, wakapita uchochoroni wakienda kurudisha kanda za video, wakaniona na kikapu kikining'inia. Mmoja akasema, "Bubu ameota kamba." Mwingine akanyoosha mikono kama ombaomba, "Bi Kikapu, tushushie na sisi." Kesho yake nilikuta mfuko wangu wa shule umefungwa uzi mrefu, na mwisho wa uzi kumetundikwa ganda la ndizi. Nilicheka pamoja nao. Huo ndio ujuzi wangu mkubwa, kucheka pamoja na wanaonicheka.

Siku ya Alhamisi, mama mkubwa alikuwa bafuni akitia udhu wa alasiri. Nilishusha kikapu, muuza mofa akiwa chini anatafuta mkate wenye rangi nzuri, mara nikasikia kicheko kwenye kona. Nilikijua. Kuna mmoja wao hucheka kwa kupanda, kama mtu apandaye ngazi. Nilivuta kamba, kikapu kikapanda kitupu, muuza mofa akibaki na mkate mkononi. Nikafunga mbao mbili kwa kishindo, nikasahau kuvuta na goti na mtoto na kifungo cha shingoni, nikashika ufunguo kwa mikono miwili nikauzungusha kwa nguvu zangu zote. Hata leo sijui kwa nini nilitaka kufunga kwa ufunguo. Wasichana wale hawana mabawa.

Ukakatika. Haukulia sana, kama mtu avunjaye njugu. Kipande cha meno kilibaki ndani ya kitasa, na mkononi nikabaki na kichwa na kishina kidogo. Ulimi ulikuwa umeingia nusu, na dirisha halikufunguka tena.

Haya yafuatayo ndiyo nisiyotaka kuyaandika. Nilisikia maji yamekatika bafuni. Nikakirudisha kile kichwa kwenye tundu. Kilikaa. Ukikitazama kwa mbali ungedhani ufunguo ni mzima. Sikufanya hivyo ili lawama imwangukie mama mkubwa, wala sikumpangia. Nilitaka tu ufunguo uonekane mzima mpaka nipate la kusema. Lakini mkono wangu ulikuwa na akili kuliko mimi, na mkono ndio ulioamua.

Akaingia akijifuta uso. "Mbona wafunga na upepo waja?"

Nikasema jua limeingia machoni. Alasiri jua haliingii upande ule. Alinitazama kidogo, akatandika msala, akaswali. Na mofa siku ile hatukula, nikamwambia kwamba muuza mofa hakupita.

Ilipofika magharibi aliinuka kama kawaida. Akaona dirisha limekwisha kufungwa, lakini yeye hamwamini mtu kwa dirisha lake, akaweka vidole kwenye ufunguo auhakikishe. Mimi nilikuwa mlangoni na taa. Ningeweza kusema ngoja. Neno moja. Kichwa cha ufunguo kikatoka mkononi mwake kama jino bovu.

Alikitazama. Akatazama kitasa. Akakirudisha, kikatoka tena. Akaketi kitandani na kukiweka kwenye kiganja, akasema polepole, wala si kwangu, "Nimeukata. Miaka yote hii, nimeukata."

Nikasema pole, mama mkubwa. Nilisema hivyo. Pole.

Usiku huo ulikuwa wa joto la kaskazi. Aliamka asubuhi macho yamevimba, kipepeo cha ukindu kimemwangukia kifuani. Nilimshauri ahamie chumba cha nyuma, akakataa, akasema kule kwanuka kisima. Akakaa gizani na mlango wazi, upepo wa ngazini ukija kidogo na harufu ya duka la chini lililofungwa.

Ijumaa, baada ya swala, akaja shemeji yake, mdogo wake marehemu. Mimi humwita ami. Yeye si maharimu wake, kwa hivyo hukaa kwenye kiti cha ngazini, pazia la mlango likiwa kati yao, na huzungumza na pazia kama mtu azungumzaye na simu. Si mtu mbaya. Huleta samaki, huleta sukari, huuliza afya. Lakini tangu arubaini ana jambo lake. Ataka eda ikiisha mama mkubwa ahamie kwetu Bondeni, nyumba ipangishwe, kwa kuwa nyumba ni ya ukoo na mwanamke mtu mzima peke yake hawezi kuiangalia. Kila akilisema, mama mkubwa humjibu kwa sauti tamu kwamba aliingia nyumba ile bi arusi na ataishi mumo humo. Mwezi uliopita alisahau chungu cha maharage jikoni kikaungua, na ami akakiweka chungu kile akilini kama mtu awekaye risiti.

Siku ile akaona giza, akauliza. Mama mkubwa akamwambia mwenyewe kwamba ameukata ufunguo.

"Shemegi," ami akasema, na sauti yake ilikuwa ya huruma hasa, "si ndiyo haya niliyokuwa nikisema? Juzi chungu, leo kitasa. Mikono yako haishiki tena. Kesho itakuwa moto."

Nikamngojea mama mkubwa ajibu lake la kila siku. Nilikuwa nimechutama jikoni napepea makaa, na nilitega sikio mpaka shingo ikauma.

"Huenda ni kweli, shemegi," akasema.

Kama angenipiga kofi isingeniuma hivyo. Ami akasema ataleta fundi Jumamosi, na akitoka hapo atapita Bondeni azungumze na mama yangu juu ya chumba.

Ungedhani hapo nilisema. Sikusema. Nilidhani nikilitengeneza dirisha mwenyewe jambo lote litafutika, ufunguo, chungu, chumba, na yale aliyoyasema. Mama mkubwa alipolala kidogo mchana nilichukua chupio la nywele nikachokoa. Kipande kikazidi kwenda ndani. Nikakumbuka kwamba bawaba hulainishwa kwa mafuta, na mafuta yaliyokuwepo ni ya nazi, nikayamimina kwenye tundu mpaka yakatiririka ubaoni. Nikayafuta kwa leso yangu. Kitasa kilinuka kama kichwa cha msichana anayekwenda harusini.

Jumamosi alasiri ami akaja na fundi, kijana mmoja wa Kaloleni, mcheshi, na kisanduku cha vyuma kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli. Mama mkubwa alikwenda chumba cha nyuma, tukaangusha pazia. Mimi niliwekwa chumbani na sinia ya maji ya ndimu, nisimame pale kwa adabu, nipokee na kujibu. Yaani niwe sauti.

Fundi aliinama kwenye tundu, akanusa, akainuka akicheka. "Bi mkubwa, kitasa hiki kilikuwa kikienda kusukwa?"

Ami hakuelewa. Fundi akampa kidole anuse. Nikatazama ndimu zilivyoelea.

Alikifungua kitasa kizima kwa bisibisi, skrubu moja moja, akazitia mdomoni. Mbao zikaachana zenyewe na mwanga ukaingia, nikaona vumbi la siku mbili likicheza. Alikipigapiga kitasa kwenye kiganja mpaka kipande kikaanguka pamoja na nusu ya chupio langu, ile iliyovunjikia ndani nikadhani imeingia chini ya kitanda. Chupio lile lina ua jekundu la plastiki. Nusu ya ua ilikuwa humo. Mama mkubwa hajatia chupio kichwani tangu msiba, na hata zamani hakuwa mtu wa maua ya plastiki. Fundi aliliweka kwenye ukingo wa dirisha. Ami, nadhani, hakuliona. Wanaume hawaoni machupio.

Kisha fundi akauweka pamoja ufunguo, kichwa na meno, akaupindapinda kwenye mwanga. Akasema ufunguo ule si wa kuoza. Chuma chake ni cha zamani, kinene. Ulimi ulikuwa haujafika mahali pake, na mtu akaulazimisha.

"Ndiye shemegi wangu," ami akasema. "Mkono wake wamtetemeka."

"Mkono wa kutetemeka haukati chuma hiki, ami yangu," fundi akasema, skrubu zikimcheza mdomoni. "Huu umekatwa na mkono wenye nguvu, tena wenye haraka."

Ami akacheka kidogo. "Haya, nani basi? Jini?"

Chumbani walikuwa wao wawili na mimi. Nikafungua mdomo. Nakumbuka niliufungua, kwa sababu ulikauka.

"Ni mimi, fundi," sauti ikasema kutoka nyuma ya pazia. "Nilikuwa na haraka ya swala."

Yeye ambaye hataki sauti yake isikike na mwanamume wa njiani. Nikajua kwamba amejua. Huenda alijua tangu mafuta ya nazi. Huenda tangu lile jua langu la uongo.

Fundi hakubisha. Alilichonga tundu la fremu ulimi uingie bila goti, akarudisha kitasa, akatoa ufunguo mwingine kwenye shada lake akauchonga kwa tupa mpaka ukakubali. Ami akaliambia pazia kwamba, alhamdulillahi, dirisha limepona, na kwamba amekwisha kuzungumza na mama yangu, mambo yote baada ya eda yatakuwa mepesi. Pazia likasema inshallah. Wakateremka.

Nilisimama na sinia. Nilisikia viatu vyao ngazini, hatua kwa hatua, na nikajua wakifika kona, jambo hili litakuwa limekwisha na litabaki hivyo. Nikaweka sinia chini. Nikaenda dirishani. Wale wasichana watatu hawakuwepo. Nasema kweli, nilitazama kwanza.

"Ami," nikasema. Kama kawaida, hakuna aliyesikia. Fundi alikuwa akifunga kisanduku chake, muuza mofa ndiyo kwanza anaingia uchochoroni.

"Ami! Ni mimi niliyeukata ufunguo. Si mama mkubwa. Ni mimi."

Sijui sauti ile nilikuwa nimeiweka wapi miaka kumi na sita. Ilitoka imepasuka, ya kigae, ikagonga ukuta wa pili ikarudi. Muuza mofa akasimama akidhani anaitwa, akatua tenga. Dirisha la jirani likafunguka, na la pili. Ami akainua uso, mkono kwenye kofia.

"Wewe?"

"Mimi. Siku ya Alhamisi. Yeye alikuwa bafuni."

Fundi alitazama chini akajikohoza, lakini mabega yake yalikuwa yakicheka. Ami akasema tutazungumza, akaenda zake. Muuza mofa akauliza kama nataka mkate au sitaki. Nikashusha kikapu kwa kuwa sikujua jingine la kufanya.

Nilipogeuka, mama mkubwa alikuwa ameshika pazia. Nilidhani atanikumbatia. Akaniambia nimepiga kelele kama mnada wa samaki, na kwamba mtaa mzima sasa wajua nyumba yake ina mwongo. Kisha akachukua ile nusu ya chupio kwenye ukingo akanitia mkononi. Tukala mofa.

Wakati wa magharibi aliinuka kufunga. Akasimama na ufunguo mpya, hakuuzungusha.

"Nataka unijibu jambo moja tu," akasema. "Nilipoushika mimi, ulikuwa umekwisha kukatika?"

Ningeweza kusema ulikuwa na ufa. Kwenye mambo yote niliyoyapigia kelele dirishani, hilo sikulisema.

"Ulikuwa umekwisha kukatika," nikasema. "Mimi nilikirudisha kichwa."

Hakunigombeza. Aliketi kitandani, akainyoosha mikono yake miwili mbele ya mwanga uliobaki, akaigeuza juu, akaigeuza chini, kama mtu aangaliaye leso dukani.

"Siku mbili," akasema, "nimeichukia mikono hii bure."

Ami alikuja juma lililofuata, na suala la Bondeni hakuligusa. Siku nyingine akaleta samaki, akauliza afya, akaliambia pazia kwamba nyumba si haba, yaangaliwa. Mama amesikia habari zote na amenisema vya kutosha. Shuleni pia habari zimefika, kwa sababu uchochoro una miguu. Jumatatu mmoja wa wale watatu aliniita mwadhini. Nilicheka pamoja naye, lakini kidogo.

Kwa wengine limekwisha. Nalo lingekwisha kwangu pia, kama si jambo moja. Tangu siku ile mama mkubwa akilifunga dirisha huzungusha ufunguo, husukuma mbao, hutoka hatua mbili, kisha hurudi akauzungusha tena ahakikishe. Zamani hakurudi. Kitasa sasa chaingia chenyewe, hata goti halitakiwi, fundi alilichonga tundu vizuri. Lakini yeye hurudi. Mimi hukaa na kitabu, nikijifanya nasoma, nikisubiri ule mzunguko wa pili.